Anasema Moto, Anataka Ndizi

Hapa Moshi mlima hauonekani kila siku. Yapo majuma ambayo wingu hushuka likakalia Kibosho na Marangu, na mgeni aliyefika jana anaweza kuondoka bila kuamini kwamba kuna kitu nyuma yake. Lakini asubuhi mlima ukifunguka, ukiwa Pasua au Njoro, unaviona vilele vyote viwili. Kushoto yuko Kibo, mviringo, mweupe utosini, ametulia kama mwenye nyumba. Kulia yuko Mawenzi, mweusi, amechongoka na kumeguka, kama mtu aliyetoka kupigwa.

Bibi yangu alituambia ndivyo ilivyokuwa. Alipigwa.

Siku moja moto wa Mawenzi ulizimika. Akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto, akamkuta anatwanga ndizi kavu kwenye kinu. Kibo akampa moto na, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu, akamgawia na ndizi. Mawenzi akaondoka anatafuna. Njiani ndizi zikaisha, na utamu bado uko mdomoni. Akauzima moto kwa mguu wake mwenyewe, akageuza njia. "Ndugu yangu, moto umezimika." Akapewa moto mwingine, na ndizi juu yake. Akarudi mara ya tatu na maneno yaleyale. Kibo hakujibu. Aliunyanyua mchi.

Hadithi hii inasimuliwa kwa namna nyingi Uchagani. Bibi alikuwa akiisimulia huku anachambua maharage kwenye ungo, na akifika kwenye mchi aliweka ungo chini akatuuliza maswali mawili, kila siku yaleyale. Mawenzi alisema anataka nini? Moto! Alikuwa anataka nini? Ndizi! Hapo ndipo alipoturuhusu kwenda kulala.

Nimefundisha fasihi sekondari kwa miaka mingi. Nimewafundisha watoto wahusika bapa, wenye sura moja tu, na wahusika duara, mbinu rejeshi inayorudisha hadithi nyuma, taharuki, muundo wa moja kwa moja na muundo rukia. Istilahi hizo zina kazi yake na sizidharau. Lakini nikikaa mbele ya filamu inayonichosha, au nikiifunga riwaya katikati, sababu huwa naipata kwenye maswali ya bibi. Hadithi inayonichosha ni ile ambayo mtu anasema anataka ndizi, na kweli anataka ndizi, basi.

Kijiweni watu wakizungumza habari za bongo muvi wanalaumu waigizaji, wanalaumu sauti, wanalaumu hela. Hela ni kweli. Lakini Mawenzi na Kibo hawakuhitaji kamera, na watoto sita tulikuwa tunakaa bila kupepesa. Kuna kitu kinatoka kwenye hadithi zetu zikiwa njiani kwenda kwenye skrini, na ninadhani ninaweza kukitaja.

Chukua zile filamu zilizokuwa zikiuzwa kwa diski, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili. Mnunuzi alilipa mara mbili, kwa hiyo hadithi ya diski moja ilibidi ijaze mbili. Matokeo yake tunayakumbuka wote. Geti linafunguliwa, gari linaingia, mlango wa gari unafungwa, mama anapanda ngazi, anavuka sebule, anaweka mkoba mezani, ndipo anasema "Mambo?" Watu walidhani ni uvivu wa mwongozaji. Ilikuwa hesabu ya biashara, na hesabu ile iliingia kwenye damu ya waandishi: wakazoea kwamba muda unajazwa kwa mwendo. Siku hizi hadithi zinapanda YouTube vipande vipande, na kila kipande kinakatwa kwenye kelele, bunduki au simu inayoita, ili mtu arudi kesho. Wanaiita taharuki. Mimi naitazama safari ya tatu ya Mawenzi. Hakuna bunduki pale. Tunajua anachokitaka na Kibo bado hajakijua, au labda ameshakijua na hasemi. Tunamwona anaukaribia ule mlango tukitamani kumwita arudi. Hiyo ndiyo taharuki ninayoililia.

Wa rika langu wanakumbuka vibanda vya video. Chetu kilikuwa cha mabati, mabenchi ya mbao, jua likipenya kwenye matundu ya misumari. Filamu zilikuwa za Hong Kong, India na Marekani, na mbele alikaa dijei aliyepunguza sauti ya filamu akasimulia juu yake kwa Kiswahili. Lufufu wa Dar es Salaam ndiye aliyeipa kazi hiyo jina kubwa, lakini kila mtaa ulikuwa na wake. Wetu alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nzito. Nakumbuka mapigano ya Wachina ambapo kwa dakika nzima jamaa mmoja amesimama sokoni kwenye meza ya samaki. Dijei akashusha sauti: "Huyu mnayemwona hanunui samaki. Anamtazama yule mwenye kofia. Yule ndiye aliyemdhulumu baba yake shamba." Kibanda kizima kikanyamaza. Jamaa akashika samaki, akamrudisha, akashika mwingine, na sisi hatukumwona samaki hata mmoja, tulimwona mwenye kofia.

Miaka mingi baadaye niliipata filamu ileile ikiwa na maandishi chini. Hakuna shamba. Hakuna baba. Jamaa alikuwa ananunua samaki.

Yule dijei hakujua Kichina hata neno moja, lakini alijua watu wa Moshi wakae kwenye benchi kwa sababu gani. Alimpa mtu yule ndizi ya kuificha nyuma ya moto. Wasomi wa filamu wameandika juu ya hawa wasimulizi wa vibandani kama watafsiri. Mimi nawaona kama waandishi, na huwa nawaambia vijana ninaokaa nao Jumamosi kwamba walimu wao wa kwanza walikuwa wale.

Kwenye riwaya zetu jambo hili limefanywa kwa ufundi mkubwa, na kwangu mimi mfano ulio juu ya yote ni Zakaria, baba yake Rosa, katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Zakaria ni mlevi wa Ukerewe, anampiga mkewe Regina, na nyumba inamwona alivyo. Anakuta barua ambayo kijana Charles amemwandikia binti yake, anamshukia Rosa kwa kipigo. Muulize Zakaria anataka nini. Atakuambia anataka adabu, anataka binti yake awe na heshima. Kila mzazi msomaji anaweza kuitikia hapo. Lakini mtazame mtu huyu alivyobaki. Kazi imemponyoka, mke hamsikilizi isipokuwa kwa hofu, pombe ndiyo inayomwamuru. Barua ile ni nafasi yake ya kuwa baba kwa dakika kumi. Anasema heshima ya Rosa; anachokitafuta ni kutiiwa na mtu mmoja duniani. Na Rosa analipa. Anatoka kwenye ulinzi ule bila kujua namna ya kusimama peke yake mbele ya wanaume, na kitabu kinamfuata mpaka anapoitoa roho yake mwenyewe.

Kitabu hicho kilizuiwa shuleni kwa muda, kwa sababu ya yale anayoyafanya Rosa. Nadhani kilichowauma watu kilikuwa zaidi. Kezilahabi angemwandika Zakaria kama zimwi tungelala vizuri, tungesema yule ni mlevi. Alimwandika akisema maneno ambayo baba zetu walikuwa wakiyasema mezani, kwa sauti ileile. Nikikifundisha, kuna ukurasa ambao darasa huacha kucheka, na wasichana huwa wanatazama madaftari yao.

Angalia pia namna Abdulrazak Gurnah alivyoifanya kazi hii kwa kutumia macho ya mtoto. Riwaya yake Paradise ya mwaka 1994 ipo sasa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis, nasi tulianza kuisoma kwa wingi baada ya yeye kupewa Nobel mwaka 2021. Yusuf ana miaka kumi na miwili. Ami Aziz, mfanyabiashara mwenye manukato mazuri, huja nyumbani, na akiondoka humwachia mtoto sarafu. Siku moja Yusuf anaambiwa atasafiri na ami. Safari! Treni! Msimulizi hatuambii zaidi ya anayoyaona mtoto, na mtoto anaona treni. Wazazi wanasema safari, na huku ni deni: baba ameshindwa kulipa, na mwana ndiye malipo. Ni mpaka Khalil, kijana wa dukani, anapomwambia Yusuf kwamba yule si ami yake. Mwandishi angeweza kutueleza habari ya deni katika ukurasa wa kwanza, tukamhurumia Yusuf kwa mbali. Alituweka tukaipenda ile sarafu kwanza. Sijui namna kali zaidi ya kumfanya msomaji aone aibu ya wakubwa.

Nimebishiwa kuhusu hoja hii, na bishano la nguvu kuliko yote lilitoka kwa mwalimu mwenzangu wa Arusha. Aliniambia: na Shaaban Robert je? Kusadikika, 1951, nchi iliyo angani, na wahusika ni majina yao. Waziri Majivuno, anayeshitaki, ni majivuno. Hafichi kitu. Kwa kipimo chako kitabu hicho kingekuwa kibovu, na kinasomwa mpaka leo.

Nilikaa na swali lake muda mrefu, nikakisoma kitabu upya. Ni kweli Majivuno ni bapa kama karatasi. Lakini nyuma yake yupo Karama, mshitakiwa, aliyeletwa barazani kwa kosa la kutaka elimu ya uanasheria katika nchi ile. Anapewa nafasi ya kujitetea, na utetezi wake ni hadithi za wajumbe sita waliotumwa pande mbalimbali kuitafutia nchi yao mema, wakarudi na mema hayo, wakalipwa mateso. Siku baada ya siku anasimulia. Anasema anajitetea. Kufika mjumbe wa tatu msomaji anahisi kiti cha mshitakiwa kimehama: wanaosikiliza ndio wanaohukumiwa, na hawawezi kumnyamazisha kwa sababu wenyewe ndio waliompa ruhusa aseme. Shaaban Robert aliificha ndizi ndani ya muundo, hadithi ndani ya hadithi, na yeye mwenyewe alikuwa akiandika chini ya utawala wa Mwingereza. Mwenzangu yule akakubali nusu. Nusu nyingine bado tunabishana.

Sasa nirudi mlimani, maana kuna hadithi iliyoandikwa juu ya mlima huu huu ambayo dunia nzima inaijua kuliko ya bibi yangu. The Snows of Kilimanjaro ya Ernest Hemingway, hadithi fupi ya mwaka 1936. Harry, mwandishi wa Kimarekani, amelala kambini nyikani, mguu unaoza kwa sababu ya mwiba aliokwaruzwa nao gotini akaupuuza. Anaita wiski na soda. Anamtukana mkewe, anamwambia hela zake ndizo zilizomharibu. Anasema wiski, anasema ugomvi. Katikati ya maneno hayo zinaingia kumbukumbu, kwa herufi za mlalo, za mambo aliyoyaona Paris, milimani Austria, vitani, na polepole unaelewa ni nini: ni vyote alivyokuwa amejiwekea akiba aje aviandike atakapokuwa tayari. Hiyo ndiyo mbinu rejeshi inayostahili jina lake. Kila kumbukumbu ni kitabu kinachokufa pamoja naye. Anachokitaka ni muda, nao hauombwi kwa mke wala kwa mtumishi. Mwishoni anaota ndege imemchukua kuelekea kilele cheupe, na mkewe anamkuta amekufa.

Hollywood walipoitengenezea filamu mwaka 1952, Gregory Peck akiwa Harry, walimponya. Ndege ya msaada ikaja. Nadhani waliwahurumia watazamaji, na kwa huruma hiyo kila kumbukumbu ikawa picha za likizo, kwa sababu mtu huyu ataviandika tu akipona.

Mwanzoni mwa hadithi ile Hemingway anamtaja chui aliyekutwa amekauka kwa baridi karibu na kilele, na kusema hakuna aliyeeleza alikuwa akitafuta nini kule juu. Chui huyo hakubuniwa. Mchungaji Richard Reusch alimkuta mwaka 1926 karibu na ukingo wa kreta ya Kibo, akamkata sehemu ya sikio awe na ushahidi, na mahali pale panaitwa Leopard Point hadi leo.  Mnyama aliyepanda mpaka pasipo na nyama wala maji, akafa na siri yake: ukimpa bibi yangu huyo angemsimulia mwezi mzima.

Lakini katika hadithi hiyohiyo yupo mtu anaitwa Molo. Ndiye anayeitwa Harry akitaka wiski. Anaitikia "Ndiyo, Bwana," analeta. Mwandishi aliyeweza kujiuliza chui wa Kibo alitaka nini hakujiuliza Molo alitaka nini. Nimeisoma hadithi hiyo labda mara ishirini, ninaiheshimu, na kila mara nikifika kwa Molo kifua kinabana. Amekaa kwenye moto wake hatua chache kutoka kitandani. Anamsikia tajiri anakufa. Gari limeharibika, ndege haijulikani itafika lini, mshahara wake uko mfukoni mwa mtu anayeoza. Huyu ana haja! Ana siri pengine kuliko Harry. Akileta glasi ile, anasema wiski, na anataka nini?

Arusha wanayo ya kwao. Mwaka 1962 ilitoka Hatari! ya Howard Hawks, na John Wayne ndani yake, iliyopigwa maeneo ya Arusha na Momella chini ya Meru. Wazee wa Arusha bado wanaisimulia, na mwigizaji Hardy Krüger aliipenda Momella akanunua shamba huko. Jina ni la Kiswahili, vumbi ni la kwetu, twiga na vifaru ni wa kwetu. Wazungu wanapendana, wanaoneana wivu, wanataka hiki wakisema kile. Watu wetu wanapita na kamba.

Ndiyo maana suala hili haliwi kwangu suala la ufundi peke yake. Mtu ambaye hadithi haimruhusu kutaka kitu kwa siri anageuka kuwa sehemu ya mandhari, na sisi tumekaa kwenye mandhari za watu kwa muda mrefu. Kwa hiyo naumia zaidi ninapoona sisi wenyewe, tukiwa na kamera mikononi, tunaandika mama mkwe mbaya aliye mbaya asubuhi mpaka jioni, na yaya ambaye kazi yake ni kuleta juisi. Tumemwandika Molo upya kwa Kiswahili.

Inawezekana kufanya vingine, na imefanyika. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1999, ilitengenezewa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Yasmin ni msichana wa Kihindi wa Zanzibar, ameozwa akiwa na miaka kumi na mitano kwa mzee Raza. Riwaya inaweza kuingia kichwani mwake ikatuambia anawaza nini. Filamu haina ruhusa hiyo, inabaki na uso, mkono na mwanga. Nilipoitazama nilifurahi kuona mwongozaji ameuamini uso. Anapofika kwa Denge, kijana mwanaharakati, na siasa za uhuru, Yasmin haanzi kuhutubia. Kuna anachotaka, na anakwenda nacho kimya kimya kati ya watu wanaosema sana.

Kijana mmoja wa Majengo aliniletea skripti mwaka huu, ameiandika kwenye simu. Mjane yuko kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, shemeji anakuja. Shemeji anaingia anasema: "Nimekuja kuchukua kihamba cha marehemu kaka yangu. Wewe huna haki hapa." Mjane analia. Shemeji anacheka kicheko cha waovu. Nikamuuliza yule kijana shemeji anataka nini. Kihamba, mwalimu. Anasema anataka nini? Akafungua mdomo, akaufunga, akarudisha simu mfukoni.

Baada ya wiki mbili alirudi. Sasa shemeji anafika jioni na kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi. "Shikamoo, shemeji." Mdogo kwa umri kuliko mjane, anaamkia vizuri. Amekuja, anasema, kutazama kaburi la kaka yake, mvua zisije zikalichimbua. Wanakwenda wote wawili nyuma ya migomba. Anainama, anang'oa majani pale juu, anapangusa msalaba kwa kiganja. Mjane anaguswa, anamwambia asante, baba. Kisha shemeji anasimama na kutembea taratibu mpaka kwenye mfereji, anageuka, anarudi mpaka kwenye mti wa mparachichi, midomo inachezacheza. Mjane anadhani anasali. Mtoto wake wa miaka saba, aliyekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, anauliza kwa sauti:

"Mama, baba mdogo anahesabu nini?"

Skripti inaishia hapo. Kijana anasema hajaamua mjane atajibu nini, nami nimemwomba asiharakishe.